Mtengenezee Mtoto Wako Kigoda cha Kupandia Kisichopinduka

Mkulima, leo jioni utakaporudi kutoka shambani, weka jembe lako mlangoni, kisha chutama kidogo uitazame nyumba yako kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Mtungi wa maji uko juu. Beseni la kunawia liko juu. Kitanda kiko juu, na sabuni imewekwa mahali pasipofikiwa na mkono mfupi. Kila kitu kimepangwa kwa kimo cha mtu mzima. Naye mtoto, kama ujuavyo, hapendi kuketi akitazama tu. Amemwona mama yake akinawa mikono, naye ataka kunawa. Amemwona kaka yake akichota maji, naye ataka kuchota.

Basi atapanda. Humwezi kumzuia kila saa, na si vema kumzuia, maana kupanda ni sehemu ya kukua kwake. Jambo la kujiuliza ni hili: atapanda juu ya nini?

Katika nyumba zetu nyingi, tangu Takaungu hadi Mavueni, na huko kwenye skimu za Mtondia na Tezo-Roka, mtoto hupanda juu ya kile akipatacho. Hupindua ndoo ya plastiki. Ndoo hiyo ni nyepesi, nayo huteleza juu ya sakafu ya saruji; na ikiwa imekaa juani muda mrefu, hupasuka ghafla. Ama hupanda juu ya debe. Debe ni refu kuliko upana wake, na kingo zake hukata. Ama, na hili ni baya kuliko yote, hupanda juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ni kiti cha kukunjwa, na mbele yake mna ulimi wa chuma wenye meno. Mtoto akikanyaga upande wa mbele, kiti kinainama, naye anaangukia ulimi. Akiishika miguu ya kiti hicho inapojikunja, vidole vyake vinabanwa.

Kuanguka kwenyewe pengine si kitu kikubwa. Hatari ni mahali anapoangukia. Penye mafiga pana moto na sufuria ya uji unaochemka. Penye pipa pana maji. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko kiwiliwili chake kiwezavyo kukiinua, kwa hiyo akitumbukia kichwa chini ndani ya ndoo hawezi kujitoa. Maji ya inchi chache tu yatosha kumzamisha, na hana nafasi ya kulia akasikika.

Kwa sababu hiyo, katika ukurasa huu tutakufundisha kutengeneza kigoda cha kupandia. Ni kazi ya siku moja. Inataka kipande kimoja cha ubao, misumari ya parafujo, na uangalifu. Utasema, "Mimi si seremala." Hapana neno. Mtu awezaye kutengeneza banda la kuku likasimama aweza kutengeneza kigoda hiki.

KIGODA CHA KUKALIA SI KIGODA CHA KUPANDIA

Watu wengi hudhani kwamba kigoda chochote chafaa. Sivyo. Kigoda cha kukalia hubeba mtu aliyetulia, na uzito wake uko katikati. Kigoda cha kupandia hubeba mtu anayetembea. Mtoto hakanyagi katikati. Hukanyaga ukingoni, kwa mguu mmoja, huku akivuta mwili wake juu.

Tazama kigoda cha miguu mitatu cha wazee wetu. Kina sifa moja kubwa: hakitikisiki hata sakafu ya udongo ikiwa na mabonde, maana miguu mitatu yote hugusa chini daima. Lakini mtu akikanyaga ukingo ulio kati ya miguu miwili, kigoda kinapinduka, kwa sababu chini ya ukingo ule hapana mguu wa kuupokea uzito.

Kwa hiyo shika kanuni hii moja, nayo ndiyo roho ya kazi yote: ubao wa juu usitokeze nje ya miguu. Chini kuwe kupana kuliko juu, ama kuwe sawasawa, lakini kusiwe kwembamba kamwe. Popote mtoto atakapokanyaga, chini yake pawe na mguu, ama mguu uwe mbele zaidi. Ukiishika kanuni hii, hata ukikosea kipimo kidogo, kigoda chako hakitapinduka. Ukiiacha, hata ukikipamba kwa nakshi kama mlango wa Lamu, ni mtego.

CHAGUA UBAO UFAAO

Sisi watu wa pwani hatukosi miti. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, ni mti mzuri kwa kazi hii. Ni wa jamaa moja na mkangazi, nao mchwa na wadudu watoboao mbao hawaupendi. Unapoupiga msasa funga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake ni chungu na huwasha.

Mwembe mzee uliokwisha kuacha kuzaa hutoa mbao pana na rahisi kupasua. Udhaifu wake ni kwamba wadudu huupenda na maji huuozesha; basi ukiutumia, uwe mkavu kabisa, na kigoda kisiachwe nje. Mvinje ni mgumu, lakini hupasuka na kupinda ukaukapo. Uache uwe nguzo. Mkorosho una utomvu unaochoma ngozi, kwa hiyo si wa mtoto. Mikoko haikatwi bila idhini, na boriti zake zina kazi nyingine. Kama huna mti wako, nunua ubao wa saipresi dukani. Ni mwepesi na hupigika randa vizuri. Chagua usio na vifundo vingi.

Usitumie mbao zilizotiwa dawa ya kijani kama nguzo za ua, wala mbao zilizowahi kupakwa mafuta machafu ya gari kwa kuzuia mchwa. Mtoto hushika, kisha hutia vidole kinywani.

Ubao ukiwa mbichi, upange kivulini, uinuliwe kutoka ardhini, na kati ya ubao na ubao utie vijiti ili upepo upite. Utajuaje kwamba umekauka? Chukua ubao mmoja uupime kwenye mizani ya dukani kila juma. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Uzito ukisimama mahali pamoja kwa majuma mawili au matatu, ubao u tayari. Ni afadhali kufanya kazi hii wakati wa kaskazi kuliko wakati wa masika, maana ubao uliojaa unyevu leo utapungua kesho na viungo vyote vitalegea.

VITU UTAKAVYOHITAJI

Ubao mmoja wenye upana wa inchi 10, unene wa inchi 1 na urefu wa futi 4, yaani kiasi cha sentimita 122. Ukisha kupigwa randa utapungua unene. Si neno, bali usiwe chini ya robo tatu ya inchi. Ubao wa futi 12 hutoa vigoda vitatu, kwa hiyo majirani watatu waweza kununua pamoja.

Parafujo 18 za inchi 2, na parafujo 12 za inchi moja na nusu. Hewa ya bahari hula chuma upesi, kwa hiyo nunua za shaba au zilizopakwa zinki. Usitumie misumari ya kawaida peke yake. Kigoda kinachopandwa kila siku huivuta misumari kidogo kidogo, mpaka siku moja kichwa cha msumari kinachomoza na kuchana mguu.

Gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji. Msumeno, randa, nyundo, patasi, keekee, bisibisi, tupa, msasa, penseli, na guniya ya kupimia pembe. Kama huna vyote, azima. Wengi wetu tuna jamaa seremala.

KATA VIPANDE HIVI

Kwanza, ubao wa juu: urefu inchi 16, upana inchi 8. Utakuwa umepasua ukanda wa inchi 2 kutoka upande mmoja. Usiutupe, una kazi.

Pili, mbavu mbili. Kila moja ina kimo cha inchi 5, na upana wake chini ni inchi 10 kamili. Juu uwe inchi 8. Weka alama inchi 1 kutoka kila pembe ya juu, chora mstari hadi pembe ya chini, ukate. Sasa ubavu umekuwa mpana chini na mwembamba juu, na ile kanuni yetu umekwisha kuitimiza. Tazama pia nyuzi za mti: zisimame kutoka chini kwenda juu, zisilale.

Katika ukingo wa chini wa kila ubavu, pima inchi 2 kutoka kila mwisho, kisha punguza sehemu ya katikati kwa nusu inchi. Kata kwa msumeno mara nyingi hadi kina hicho, halafu uondoe vipande kwa patasi. Hivyo kila ubavu utakuwa na miguu miwili badala ya kugusa sakafu kote, na kigoda kitatulia.

Tatu, mataruma mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Kimo cha kila moja ni inchi 3. Urefu wake ni inchi 16 kutoa unene wa mbavu mbili. Usiamini karatasi hii. Pima unene wa ubao wako mwenyewe. Kama una saba ya nane ya inchi, basi taruma litakuwa inchi 14 na robo.

Nne, kutoka katika ule ukanda wa inchi 2, kata vipande vinne vya inchi 3. Hivi ni vya kushikiza pembe kwa ndani.

KAZI YENYEWE

1. Toboa kwanza, kaza baadaye. Takaungu, mji uliopata nguvu baada ya Wamazrui kuondoka Mombasa mwaka 1837, ulikuwa bandari ya kusafirishia nafaka katika karne ya 19, na nafaka hiyo ilikwenda kwa majahazi. Fundi wa jahazi hapigi msumari katika ubao mzima. Hutoboa kwa keekee kwanza. Fanya vivyo hivyo. Tundu liwe jembamba kuliko parafujo, nawe tanua mdomo wake ili kichwa cha parafujo kizame kidogo chini ya uso wa ubao.

2. Simamisha mataruma kati ya mbavu mbili, sawasawa na ukingo wa juu wa mbavu. Tia gundi. Kaza parafujo mbili za inchi 2 kutoka nje ya ubavu kuingia mwisho wa kila taruma. Hizo ni parafujo 8.

3. Tia vipande vinne katika pembe za ndani, ubavu unapokutana na taruma. Tia gundi, kisha kaza kila kipande kwa parafujo mbili za inchi moja na nusu kuingia ubavuni, na moja kutoka nje ya taruma kuingia katika kipande. Angalia zisigongane humo ndani. Hatua hii watu huiruka, nao hujuta. Parafujo iliyoingia mwisho wa mbao, zinakokatika nyuzi, haishiki sana. Vipande hivi ndivyo vinavyozuia kigoda kuyumba baada ya mwaka.

4. Pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Vipimo viwili vikilingana, kazi yako imenyooka. Visipolingana, sukuma polepole kabla gundi haijakauka.

5. Weka ubao wa juu. Miisho yake iwe sawasawa na uso wa nje wa mbavu, usizidi hata kidogo. Kaza parafujo mbili kila ubavu na tatu kila taruma, jumla 10.

6. Acha gundi ikauke usiku mzima.

7. Asubuhi, weka kigoda juu ya baraza iliyosawazika. Kikitikisika, tafuta mguu ulio mrefu, uupunguze kwa tupa kidogo kidogo. Usikate kwa msumeno, maana utakata mguu huu, kisha ule, mpaka kigoda kiwe mkeka.

8. Viringisha kingo zote na pembe zote kwa tupa, halafu kwa msasa. Pitisha kipande cha pamba kila mahali, juu na chini na ndani. Pamba ikinasa, pana kibanzi, rudia msasa.

9. Chini ya miguu minne gandisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kwa gundi ya mpira. Kigoda hakitateleza juu ya saruji. Mpira ukichakaa, badilisha.

Sasa utakuwa na kigoda chenye kimo cha karibu inchi 6. Kusudi kimekuwa kifupi. Hatua ya inchi 6 yatosha kumfikisha mtoto kwenye beseni, na akianguka haanguki kutoka mbali. Nafasi iliyo chini ya mataruma ni kiasi cha inchi 2, nayo ni ndogo. Kichwa cha mtoto hakiwezi kupita hapo. Ukitaka kukirefusha baadaye, usiache tundu lenye upana kati ya inchi 3 na nusu na inchi 9, maana hapo mwili wa mtoto waweza kupita na kichwa kikanaswa.

RANGI NA MAFUTA

Juu ya kigoda afadhali usipake kitu king'aacho. Mikono ya mtoto i maji, miguu yake i maji, na vanishi ikilowa huteleza kama samaki. Ubao mtupu uliopigwa msasa hushika unyayo vizuri zaidi.

Ukitaka kuulinda ubao, paka mafuta ya kitani mara mbili, ukipangusa yaliyozidi. Vitambaa ulivyopakia usivirundike. Vitandaze nje vikauke, maana vikirundikwa hupata moto vyenyewe na kuwaka. Mafuta ya nazi hayakauki, nayo huvunda. Sifa ya jahazi ni nzuri kwa jahazi, lakini ukiileta ndani utafuatwa na paka wa mtaa mzima.

Ukipenda rangi, ipake mbavuni tu, na umwulize mwenye duka rangi isiyo na risasi. Makopo ya zamani yaliyokaa ghalani usiyatumie. Risasi huharibu akili ya mtoto anayekua, na madhara yake hayaondoki.

KIJARIBU KABLA YA MTOTO

Usimpe mtoto kigoda ambacho wewe mwenyewe hujakipanda. Mtoto wa miaka miwili ana uzito wa kilo 12 hivi, lakini dada yake wa miaka 10 atakipanda, na bibi yake pia atakipanda atakapotaka kutoa kitu juu ya kabati.

Simama katikati kwa miguu miwili. Kisikilize; kisilie. Kisha shuka, ukanyage kwa mguu mmoja ukingoni kabisa, mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kila pembe. Miguu ya upande wa pili isiinuke hata kidogo. Ikiinuka, kanuni yetu imevunjwa mahali fulani; rudi ukapime. Mwisho, mwagia maji juu, upande tena uone kama unateleza. Kikiteleza, rudishia msasa wa chembe kubwa.

Kila mwanzo wa mwezi, siku ya kuangalia mpini wa jembe lako, angalia na kigoda. Kaza parafujo zilizolegea.

KIWEKWE WAPI?

Kigoda humfikisha mtoto mahali pema, na mahali pabaya pia. Aliyekuwa hafiki kwenye dawa ya korosho rafuni sasa atafika. Aliyekuwa haoni ndani ya pipa sasa ataona.

Kwa hiyo chagua mahali pake pamoja: penye beseni la kunawia, ukutani, mbali na moto. Kisikae karibu na mafiga, wala pipa lisilo na kifuniko, wala kisima, wala dirisha. Kazi ikiisha, kiinue ukiweke juu. Ndoo zisizotumika zimwagwe maji na kufunikwa. Dawa za shamba zifungiwe kwa kufuli. Mtu mzima awe karibu mtoto anapokitumia. Kigoda hakichukui nafasi ya mama wala baba.

Na ikitokea bahati mbaya akaungua, miminia mahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake mafuta wala majivu wala dawa ya meno, kisha umpeleke hospitali. Akianguka akagonga kichwa, kisha akatapika, au akasinzia kuliko kawaida, au akazimia, usingoje asubuhi.

Mkulima, ulipopewa shamba lako ulipanda mnazi, nawe ulijua kwamba utangoja miaka kabla ya kuangua dafu. Uliuzungushia miiba mbuzi wasiule. Mtoto naye ni mche. Ubao wa futi 4 na kazi ya siku moja si gharama kubwa ya kumzungushia ua. Na siku utakapomwona amepanda peke yake, amenawa mikono yake mwenyewe kwa sabuni, ameshuka bila kuanguka, naye akikutazama kwa majivuno, utajua kwamba ile jumamosi hukuipoteza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi anza kuuziba jumamosi hii.